Seli haina miguu, nayo hutembea: uzi kuhusu kiunzi cha seli

Mleta mada:

Ndugu zangu, nimefundisha baiolojia katika shule ya sekondari kwa miaka 18, na kila mwaka tunapofika kwenye mada ya seli huchora ubaoni duara kubwa, ndani yake duara dogo la kiini, na vitone kadhaa pembeni. Wanafunzi hunakili, hujibu mtihani, na hubaki na picha ya mfuko wa uteute ambamo vitu vinaelea. Picha hiyo imenikera kwa muda mrefu, kwa sababu inaficha jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko mengine yote katika somo hili, nalo ni kwamba seli hutembea. Naomba nilieleze leo bila haraka, na wenye ujuzi zaidi yangu wanisahihishe panapostahili.

Naanza na filamu. Katika miaka ya 1950, David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alirekodi chini ya hadubini tone la damu lenye bakteria. Filamu ni fupi na haina sauti, lakini mwanafunzi akiitazama mara moja haisahau. Seli nyeupe ya damu, ya aina iitwayo nyutrofili, inamfuata bakteria katikati ya chembe nyekundu. Anapokata kona, nayo inakata kona; chembe nyekundu zikiziba njia, inazisukuma kando au inajibana katikati yake; hatimaye inamfikia, inamzingira na kummeza. Maswali ya darasa baada ya hapo huwa yale yale mawili: macho yake yako wapi, na miguu yake iko wapi?

Nianze na miguu. Ndani ya seli kuna kiunzi, na neno hili nimelichagua kwa makusudi, kwa kuwa ndilo tunalolitumia kwa mbao zinazoipa jahazi umbo lake kabla halijafunikwa. Kiunzi hicho kimeundwa kwa protini zilizojipanga katika nyuzi na mirija ya aina tatu. Nyembamba kabisa ni nyuzi za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi. Ukichukua unywele mmoja wa binadamu wenye unene wa maikromita 70, utahitaji nyuzi hizo 10,000 zilizolazwa ubavu kwa ubavu ili zienee upana wake. Nene zaidi ni mirija midogo iitwayo mikrotubuli, yenye nanomita 25 na iliyo wazi katikati. Baina ya hizo mbili zipo nyuzi za kati, zenye nanomita 10, kama vile keratini ya ngozi. Hizi za mwisho ndizo zinazofanana zaidi na mifupa au boriti, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuhimili mvuto na msuguano, na mtoto aliyezaliwa na hitilafu katika keratini fulani za ngozi hutoka malengelenge kwa kuguswa kidogo tu. Sitazizungumzia zaidi, kwa kuwa hazihusiki sana na mwendo.

Aktini iligunduliwa mwaka 1942 na Brunó Straub katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, Hungaria, wakati Ulaya ikiwa vitani. Waliipata kwenye misuli, na kwa muda mrefu ikahesabiwa kuwa ni mali ya misuli peke yake. Mwaka 1966 Sadashi Hatano na Fumio Oosawa wa Japani waliitoa kwenye kiumbe kisicho na msuli wowote, aina ya ukungu ute unaotambaa juu ya magogo yanayooza. Tangu hapo imeonekana kwamba protini inayoukunja mkono wa mchukuzi bandarini ndiyo inayoitembeza nyutrofili katika damu yake, na kwamba chembe hai za karibu viumbe vyote vyenye kiini huitumia.

Tutazame sasa ukingo wa mbele wa seli inayotembea. Hapo utando wa seli umetandazwa mwembamba sana, na chini yake kuna msitu wa nyuzi za aktini zilizoelekeza ncha zake mbele. Kila uzi ni mnyororo wa punje za aktini, nao hurefuka kila punje mpya inapojishikiza kwenye ncha. Lakini ncha hiyo imegusana na utando, sasa punje mpya hupenya wapi? Jibu walilolitoa Charles Peskin, Garrett Odell na George Oster mwaka 1993 limenifurahisha tangu siku nilipolisoma. Kitu kidogo kiasi hicho hakitulii. Joto la kawaida hukitikisa muda wote, kikisogea mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo. Kikisogea mbele, nafasi hupatikana, punje huingia, na kikitaka kurudi hukuta pamezibwa. Mtu aliyewahi kusaidia kupandisha mashua ufukweni analijua jambo hili kwa mikono yake: wavutaji hawaibebi mashua kwa nguvu zao, bali husubiri wimbi liinyanyue, na papo hapo mmoja wao husukuma gogo chini yake kabla haijakaa tena mchangani. Wimbi halina nia ya kuwasaidia, lakini wao hawaliachi lipite bure.

Uzi mmoja ukisimama peke yake hupinda. Kwa hiyo seli huzipanga nyuzi kama matawi: kundi la protini saba liitwalo Arp2/3, lililotambuliwa mwaka 1994 na Laura Machesky na Thomas Pollard katika amiba wa udongoni, hujishika ubavuni mwa uzi wa zamani na kuanzisha uzi mpya kwa pembe ya takriban digrii 70. Matawi huzaa matawi, na wavu mzima huusukuma utando mbele. Nyuma ya wavu huo, protini iitwayo kofilini huzikatakata nyuzi zilizozeeka, na punje zake hupelekwa tena mbele kujenga nyuzi mpya. Mtu anayevuka tope akiwa na mbao chache hufanya vivyo hivyo: husimama juu ya mbao mbili, huchomoa iliyobaki nyuma yake, na kuilaza mbele yake. Ukimtazama kwa mbali utadhani ana njia ndefu, kumbe ana mbao tatu zinazozunguka.

Hapa ndipo ulinganisho wangu na jahazi unapofika mwisho wake. Kiunzi cha jahazi hukaa pale fundi alipokipigilia msumari. Kiunzi cha seli inayotembea hujengwa na kubomolewa kila dakika, na kule kujenga na kubomoa ndiko mwendo wenyewe.

Kusukuma mbele hakutoshi, kwa sababu seli isiyoshika chini ingefanana na gari lililokwama kwenye matope, tairi zikizunguka mahali pamoja. Zipo protini ziitwazo integrini ambazo hupenya utando, zikishika nyuzi za aktini kwa ndani na kushika tishu kwa nje. Sehemu ya mbele ikishashika, miosini, ambayo ni mwenzi wa aktini katika misuli, huvuta nyuzi za nyuma zikabana, mshiko wa nyuma ukaachia, na mwili wa seli ukajivuta mbele. Nyutrofili huenda hivi kwa maikromita 10 au zaidi kwa dakika, maana yake milimita moja huichukua kama saa moja na dakika 40. Seli zinazofuma tishu ya kidonda huenda polepole zaidi, chini ya maikromita moja kwa dakika, na ndiyo sababu mojawapo ya kidonda kikubwa kuhitaji siku nyingi.

Na macho? Seli haioni, bali hunusa. Bakteria huanza kujenga protini zao kwa asidi amino yenye alama ya kemikali ambayo protini za seli zetu hazina, isipokuwa chache zinazotengenezwa ndani ya mitokondria. Vipande vya protini hizo hudondoka kutoka kwa bakteria na kusambaa, na nyutrofili ina vipokezi vyake juu ya utando wote. Tofauti ya asilimia moja au mbili tu kati ya wingi wa harufu upande mmoja wa seli na upande wa pili hutosha kuiambia mbele ni wapi, na ujenzi wa aktini huanzia hapo.

Nimalizie sehemu hii kwa kusema kwamba bakteria wenyewe hawana kiunzi cha aina hii. Hiki ni mali ya seli zenye kiini.

Mchangiaji, mwanafunzi wa uzamili wa mikrobiolojia:

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwa makini na nimejifunza, hasa habari ya mashua na wimbi. Naomba kusahihisha sentensi yako ya mwisho, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa nami sekondari, na haiko hivyo. Mwaka 1991 Erfei Bi na Joe Lutkenhaus walionyesha kwamba bakteria anapotaka kugawanyika, protini iitwayo FtsZ hujipanga kama pete katikati yake, na protini hiyo ni ndugu wa tubulini inayojenga mikrotubuli zetu. Mwaka 2001 ikaonekana kwamba bakteria wenye umbo la fimbo wana protini nyingine, MreB, ambayo ni ndugu wa aktini na ndiyo inayowasaidia kubaki na umbo hilo. Kwa hiyo bakteria wana kiunzi chao. Wasichokuwa nacho, kwa ninavyofahamu, ni kule kutambaa kwa kusukuma utando kwa wavu wa aktini.

Kisha kuna bakteria wanaotumia kiunzi chetu sisi. Shigela, anayesababisha kuhara damu, hana mkia wa kuogelea na akiwa peke yake hawezi kujisogeza. Akishaingia ndani ya seli ya utumbo, protini iliyo kwenye ncha yake moja huita vifaa vya seli, pamoja na hao Arp2/3 uliowataja, na nyuma yake huota mkia wa aktini unaomsukuma ndani ya seli hadi anapoutokeza utando na kuuchomeka kwenye seli ya jirani. Hivyo hupita kutoka seli hadi seli bila kutoka nje ambako kingamwili zinamsubiri. Listeria, ambaye hupatikana katika maziwa yasiyochemshwa na vyakula vingine, hufanya vilevile, na picha za mkia wake zilizotolewa na Lewis Tilney na Daniel Portnoy mwaka 1989 ndizo zilizowafungulia watafiti njia ya kuielewa Arp2/3. Ukiwa na bakteria huyo na protini chache safi ndani ya kitone cha maji, unaweza kuuona mkia ukiota bila seli yoyote.

Mleta mada:

Marahaba, na nashukuru sana. Sentensi ile naifuta, na wiki ijayo nitaifuta darasani pia. Habari ya Shigela inanigusa kwa sababu inathibitisha kwamba nguvu ya kusukuma inatoka kwenye ujenzi wa aktini wenyewe. Mkia ule hauna miosini ya kuuvuta, nao husukuma kwa sababu unarefuka.

Mchangiaji, muuguzi wa wodi ya watoto:

Mwalimu, habari za kazi. Nina swali la kazini kwangu. Tunahudumia watoto wenye limfoma ya Burkitt, ile ya kuvimba taya, na mojawapo ya dawa tunazowapa ni vinkristini. Dawa inafanya kazi, uvimbe unayeyuka mbele ya macho yetu, lakini baadhi yao wanalalamika ganzi ya vidole, wengine wanaburuza miguu wanapotembea, na wengi wanafunga choo. Wazazi wananiuliza kwa nini dawa ya taya inafika miguuni. Nimeambiwa tu kwamba inaharibu neva. Je, ina uhusiano na kiunzi hiki?

Mleta mada:

Una uhusiano wa moja kwa moja, dada, na swali lako linanipa nafasi ya kuieleza mirija midogo niliyoipita haraka.

Mrija mmoja umejengwa kwa jozi za protini iitwayo tubulini, zilizopangwa kwa safu, mara nyingi 13, zilizozungushwa zikafanya bomba. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walichapisha jambo ambalo wengi walishindwa kulikubali mwanzoni, kwamba katika kundi lile lile la mirija, mmoja hurefuka polepole wakati jirani yake anaporomoka ghafla, kisha zamu hubadilika. Sababu ni kwamba kila jozi ya tubulini huingia ikiwa imebeba molekuli ya GTP, kemikali ndogo yenye nishati, na baada ya muda huivunja. Maadamu ncha ina jozi mpya zilizobeba GTP, mrija husimama. Kofia hiyo ikiisha, mrija wote hufumuka. Huu unaweza kuonekana kuwa ni uharibifu wa mali, lakini ndivyo mrija unavyotafuta kitu gizani. Seli inapotaka kugawanyika, mirija huota kutoka pande mbili, hupapasa kama mtu asiyeona anavyopapasa kwa fimbo, huporomoka ikikosa, huota tena upande mwingine, na ule unaoigusa kromosomu mahali panapostahili hushikwa na kutulia. Kromosomu zote zikishashikwa kutoka pande zote mbili, hugawanywa sawa.

Vinkristini hujishika kwenye tubulini na kuuzuia mrija usirefuke inavyopaswa. Seli ya saratani inayogawanyika kwa kasi hukwama katikati ya kugawanyika, nayo hufa. Limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote, na ndiyo maana unaona uvimbe ukiyeyuka haraka. Dawa yenyewe hutoka kwenye mmea wenye asili ya Madagaska, ua dogo la waridi au jeupe lenye petali tano ambalo wengi wetu wa pwani tumelipanda uani bila kujua lina nini. Lina sumu, na mtu asijaribu kulichemsha nyumbani.

Sasa miguu. Neva haigawanyiki, kwa hiyo mtu angetarajia isiguswe. Lakini seli ya neva inayofika kidole cha mguu wa mtu mzima ina mwili wake karibu na uti wa mgongo, na mkono wake mmoja mwembamba una urefu wa karibu mita moja. Protini nyingi za huko mbali hutengenezwa kwenye mwili wa seli na kusafirishwa juu ya mikrotubuli kama mizigo juu ya reli. Mchukuzi anayekwenda huitwa kinesini, na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz walimtambua mwaka 1985 kwenye neva nene ya ngisi. Hutembea kwa hatua za nanomita 8, kila hatua ikitumia molekuli moja ya ATP, kemikali inayoipa seli nishati. Mita moja ni hatua milioni 125. Mchukuzi mmoja hawezi safari yote, kwani huachia baada ya hatua mia moja hivi na wengine kupokea, na mizigo ya haraka huenda kama milimita 400 kwa siku, yaani siku mbili au tatu kutoka mgongoni hadi kidoleni. Anayerudisha mizigo huitwa dineini. Dawa inapoiharibu reli, neva ndefu ndizo zinazopungukiwa kwanza, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni. Neva zinazoliendesha tumbo nazo huguswa, na choo hufunga. Unaweza kuwaambia wazazi kwamba dawa haikukosea njia; inakishika kifaa kile kile ambacho saratani na neva zote mbili wanakitumia.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi katika mada hii yote. Dawa iitwayo taksoli, iliyotoka kwenye gome la mti wa Marekani, haibomoi mirija hata kidogo. Susan Horwitz na wenzake walionyesha mwaka 1979 kwamba huiimarisha, ikakaa imara bila kufumuka. Ungedhani seli yenye mirija imara ingefurahi, lakini nayo hukwama na kufa, na wagonjwa wa taksoli nao hupata ganzi. Kwa hiyo seli haitaki tu kuwa na mirija. Inataka mirija inayoweza kubadilika. Ukiizuia isijengwe umeiua, na ukiizuia isibomoke umeiua vilevile.

Mchangiaji, mtaalamu wa maabara ya malaria:

Ndugu mwalimu, umeeleza seli inayotambaa kwa kubadili umbo. Naomba niongeze seli inayotembea bila kubadili umbo na bila kunyoosha chochote, kwa sababu wengi wetu humu imetembea ndani ya ngozi zetu.

Mbu jike anapouma huacha ngozini vimelea vichache vya malaria vyenye umbo la mundu, viitwavyo sporozoiti. Haviingizwi moja kwa moja kwenye mshipa kama tulivyokuwa tukifikiri zamani. Vingi huachwa ngozini, na ni lazima vitafute mshipa wa damu vyenyewe. Huenda kwa maikromita moja hadi mbili kwa sekunde, sawa na 60 hadi 120 kwa dakika, mara kadhaa zaidi ya kasi ya nyutrofili uliyoitaja. Mlinzi hamkimbilii mwizi huyu akamkamata.

Mtambo wake uko chini ya utando. Miosini imefungwa kwenye utando wa ndani, haisogei. Inashika nyuzi fupi za aktini na kuzivuta kuelekea nyuma. Nyuzi hizo zimeungana na protini iitwayo TRAP, ambayo imepenya utando wa nje na kushika tishu ya ngozi. Nilipokuwa mdogo nilimtazama babu akivuka mkono wa bahari penye kina kifupi: alichomeka upondo mchangani akiwa mbele ya mtumbwi, akaushika, akatembea juu ya mtumbwi kuelekea nyuma, na mtumbwi ukaenda mbele chini ya miguu yake. Upondo haukusogea. Kimelea hiki hufanya hivyo hivyo, na upondo ukishafika nyuma hukatwa na kimeng'enya na kuachwa, na kimelea huteleza bila kutoa mguu.

Chanjo za malaria za RTS,S na R21, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2021 na 2023, zinaufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya protini inayofunika ngozi ya sporozoiti. Kingamwili za namna hiyo zikiwa nyingi, moja ya mambo yanayoonekana chini ya hadubini ni kwamba kimelea huacha kuteleza. Na kisichoteleza hakifiki kwenye ini.

Nyongeza ndogo ya kihistoria: Alphonse Laveran alipoona vimelea vya malaria kwa mara ya kwanza huko Constantine, Algeria, mwaka 1880, kilichomhakikishia kwamba anatazama kiumbe hai ni mwendo. Aliona nyuzi zikijipiga kwa nguvu kuzunguka chembe ya damu. Leo tunajua zilikuwa mbegu za kiume za kimelea, nane kwa kila seli, kila moja ikiwa na mkia wenye mirija midogo ndani yake, na kimelea huzijenga zote kwa dakika 10 hadi 15 tu.

Mchangiaji, mfugaji:

Nawasalimu wote. Mimi ni mfugaji wa mbuzi, sikusoma baiolojia zaidi ya kidato cha nne, lakini nimefuatilia mwanzo hadi mwisho. Swali langu ni hili: dawa ya minyoo ninayowanywesha mbuzi ni albendazo, na vidonge vya minyoo ambavyo wanangu hupewa shuleni pia ni albendazo. Miaka ya nyuma mbuzi wakinywa walinenepa. Siku hizi nawanywesha na bado wanakonda, fizi na kope za macho zimekuwa nyeupe. Kuna mtu aliniambia dawa hiyo inashambulia hiyo hiyo mirija. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona haiwashambulii mbuzi?

Mleta mada:

Ni kweli kabisa, ndugu yangu. Albendazo na mebendazo hujishika kwenye tubulini ya aina ya beta, na mirija ya mnyoo haijengwi tena. Seli za utumbo wa mnyoo hushindwa kusafirisha vitu, hushindwa kufyonza sukari, na mnyoo hudhoofika kwa njaa akiwa katikati ya chakula. Tubulini ya mbuzi na ya mwanao inafanana sana na ya mnyoo, lakini haifanani kabisa, na dawa huishika ya mnyoo kwa nguvu zaidi. Isitoshe, kwa binadamu sehemu kubwa ya dawa hubaki tumboni walipo minyoo. Griseofulvini, ambayo watoto wenye mapunye hupewa, nayo huilenga mirija ya namna hii katika fangasi.

Ushindi wa dawa umesimama juu ya tofauti ndogo sana, na hapo ndipo tatizo lako lilipo. Beta-tubulini ni mnyororo wa asidi amino zaidi ya 400. Katika minyoo ya mbuzi na kondoo, hasa yule anyonyaye damu kwenye tumbo la nne, ambaye ndiye huwafanya fizi na kope ziwe nyeupe, mabadiliko ya asidi amino moja tu katika nafasi ya 200 yanatosha kuifanya dawa isishike vizuri. Mnyoo mwenye badiliko hilo hupona, huzaa, na ukinywesha tena dawa ile ile unakuwa umewaondoa wenzake na kumwachia yeye uwanja. Badiliko la nafasi hiyo limekwisha kuonekana pia katika minyoo mjeledi ya binadamu.

Siwezi kusema kwa hakika nini kinawakondesha mbuzi wako nikiwa huku, lakini kinaweza kupimwa. Mpelekee daktari wa mifugo sampuli za kinyesi kabla ya dawa, na nyingine za mbuzi wale wale siku 10 hadi 14 baada ya dawa, ahesabu mayai. Yasipopungua, usiongeze kipimo cha dawa hiyo. Mwombe dawa ya kundi jingine lisilogusa tubulini. Na unaponywesha, pima uzito wa mbuzi kuliko kukadiria kwa macho, kwa sababu kipimo pungufu humuua mnyoo dhaifu na kumwacha yule mwenye badiliko.